Mungu Hatupi Mzigo Tusioweza Kuubeba? Biblia Haisemi Hivyo

Ukifiwa utaambiwa. Ukiuguliwa utaambiwa. Tembo wakishuka usiku mmoja wakalaza mahindi yako chini wiki mbili kabla ya kuvuna, jirani atakuja asubuhi, atalitazama shamba, atakushika bega na kusema: "Vumilia ndugu yangu, Mungu hatupi mzigo tusioweza kuubeba." Kuanzia Songea mjini hadi Mbesa, kusini mwa Tunduru karibu na mpaka wa Msumbiji, Wakristo wa madhehebu yote wanaitumia sentensi hiyo, na wote wanaamini wamenukuu Maandiko.

Hawajanukuu. Sentensi hiyo haimo katika Biblia, na kinachofundishwa na Biblia ni kinyume chake. Naandika kuomba iachwe, kwa sababu inaumiza watu, na inaowaumiza zaidi ni wale waliobeba miguu yao hadi kanisani wakitafuta nguvu ya kuishi wiki nyingine.

Ilikotoka kunajulikana. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 10, mstari wa 13, Paulo anasema kwamba Mungu hataacha watu wake wajaribiwe kupita wawezavyo, na kwamba pamoja na jaribu atafanya mlango wa kutokea. Lakini soma kuanzia juu ya sura. Habari yote ni ya Waisraeli jangwani: sanamu, uzinzi, manung'uniko. Paulo anazungumzia kishawishi cha kutenda dhambi, na analiandikia kanisa zima. Hakuna mgonjwa katika sura ile. Hakuna mjane wala mkulima aliyekosa malipo. Tumeuchukua mstari unaohusu uzinzi na sanamu, tukaupeleka wodini.

Kuhusu mzigo wa maisha, Paulo aliandika mahali pengine, na aliandika waziwazi. Katika Wakorintho wa Pili, sura ya kwanza, mstari wa 8, anasimulia mateso yaliyompata yeye na wenzake huko Asia. Anasema yaliwazidi nguvu kabisa, hadi wakafika mahali pa kutotarajia kubaki hai. Huyu ni mtume. Alipewa mzigo asioweza kuubeba, akasema hivyo kwa barua, barua ikasomwa mbele ya watu, na kanisa likaitunza hadi leo. Tena ni Paulo huyo huyo aliyewaagiza Wagalatia wabebeane mizigo. Kama kila mtu hupewa kilichopimwa kwa mabega yake mwenyewe, agizo hilo lilikuwa la nini?

Ubaya wa sentensi yetu uko kwenye hesabu yake. Ikiwa Mungu amepima, na mimi nimeanguka, basi kosa ni langu. Imani yangu ni ndogo, au maombi yangu ni mafupi, au kuna dhambi nimeificha. Hakuna anayeyasema hayo kwa mdomo, lakini aliyevunjika moyo anayasikia. Anaondoka na mzigo wake wa kwanza na ameongezewa wa pili, aibu. Jumapili inayofuata hatasema kitu. Ya tatu hatakuja.

Msimu wa korosho wa mwaka 2018 ulituonyesha jambo hili kwa upana. Bei ya mnadani ilishuka, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini malipo yalisubiri uhakiki, ili mkulima halisi atofautishwe na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa mkulima kabla hazijazaa, na kwa wengi uhakiki ule ulichukua miezi. Januari ikafika na sare za shule, madaftari na michango. Fedha ya kulimia ilikuwa imekwama, na ya salfa ya kupulizia mikorosho msimu uliofuata haikujulikana itatoka wapi. Tunduru ni wilaya ya korosho, kwa hiyo kila kanisa na kila msikiti ulikuwa na watu hao.

Katika ibada moja kijijini, ambayo sitalitaja kanisa lake, wakati wa mahitaji ya maombi alisimama mwanamume wa makamo. Mkononi alikuwa na stakabadhi yake ya chama cha msingi, imekunjwa mara nne hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Hakuomba hela. Alisema: "Wazee wangu, mimi nimechoka. Naamka usiku nakaa tu. Hata kuomba siwezi." Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja, mtu mwema ambaye sina shaka na upendo wake, akasimama na kumjibu kwa ile sentensi, akaongeza kwamba Mkristo hakati tamaa. Watu wakaitika amina. Yule mwanamume akakaa, akairudisha karatasi mfukoni, na wimbo ukaanzishwa.

Aliyemtia moyo wiki ile ni jirani yake, mama wa Kiyao, Mwislamu kama walivyo wengi Tunduru. Alikuja jioni na kikapu cha makopa ya muhogo, akakaa jikoni na mke wa yule mwanamume, wakatwanga. Hakusema neno lolote la dini. Alipoaga alisema atarudi Ijumaa, na alirudi.

Nataka wazee wa makanisa walitazame tukio hili pamoja na sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Eliya ametoka kushinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, ushindi mkubwa kuliko wote katika maisha yake. Yezebeli anatuma ujumbe wa kumwua, naye anakimbia hadi Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Nabii anataka kufa. Malaika anayekuja hamkemei, hamkumbushi Karmeli, hampi somo. Anamgusa na kumwambia ale. Pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anamgusa mara ya pili, na safari hii anatoa sababu: mwendo uliobaki ni mrefu kuliko uwezo wake. Mbingu yenyewe inakiri kwamba mzigo umemzidi mtu, kisha inampikia. Mazungumzo ya rohoni yanakuja baadaye sana, huko Horebu, baada ya siku arobaini.

Yule mama wa makopa alifanya kazi ya malaika wa Eliya. Kanisa lilikuwa na kitabu chenye habari hiyo, lakini kazi yenyewe halikuifanya.

Sioni aibu kusema kwamba mila zetu za msiba zinaujua ukweli huu kuliko mimbari nyingi. Kwenye matanga watu hukaa. Unafika, unatoa pole, unakaa kwenye mkeka, na kukaa kwako ndiyo kazi yako. Marafiki watatu wa Ayubu walianza vizuri vivyo hivyo: siku saba mchana na usiku walikaa naye chini bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Walipofungua vinywa kutetea haki ya Mungu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao watetezi, akamkubali Ayubu aliyelalamika.

Paulo naye, alipofika Makedonia akiwa hana raha, vita nje na hofu ndani, anaeleza jinsi Mungu alivyomfariji: Tito alifika. Basi. Faraja ya Mungu ilikuja ikitembea kwa miguu miwili, ikiwa na habari za ndugu wa Korintho. Na Yesu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliwaomba Petro, Yakobo na Yohana wakeshe naye, akawaambia huzuni yake imefika hadi kiasi cha kufa. Mkristo anayefundisha kwamba huzuni ya namna hiyo ni upungufu wa imani ajiulize anamsema nani.

Najua nitajibiwa: "Unawafundisha watu kulalamika. Ukikiri kushindwa, umejifungia baraka." Mafundisho haya ya kukiri ushindi yameenea, na redio na simu zimeyafikisha hadi vijijini. Lakini mtunzi wa Zaburi ya 88 analia mwanzo hadi mwisho, na zaburi inaishia gizani bila neno moja la ushindi. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuiongezea mstari wa kuifurahisha. Walijua kwamba mtu anayemlilia Mungu bado anazungumza na Mungu. Aliyenyamazishwa ndiye wa kuogopewa. Na mtu aliyefundishwa kwamba muumini wa kweli halemewi, naye amelemewa, atakimbilia chochote kinachoahidi kumwondolea aibu hiyo mara moja. Februari 1, 2020, katika uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Sizungumzi kuwahukumu waliokufa. Walikuwa wazazi na watoto wa watu, na kila mmoja alikuwa na mzigo uliomzidi. Nauliza ni makanisa mangapi walikotoka yaliwahi kuwapa nafasi ya kusema hivyo na wakabaki na heshima yao.

Wanaopenda Tenzi za Rohoni wanaujua ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanueli. Aliyeutunga ni Mwingereza William Cowper, ambaye alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Mwaka 1773 alianguka tena katika giza, akaamini kwamba Mungu amemkataa, na imani hiyo ya kukataliwa haikumwacha kabisa hadi alipofariki mwaka 1800. Mchungaji wake huko Olney alikuwa John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton alimchukua Cowper nyumbani kwake, akaishi naye zaidi ya mwaka mmoja. Hakumponya. Alikaa naye. Tunashiriki meza ya Bwana tukiimba maneno ya mtu ambaye leo, akisimama katika ibada zetu nyingi akaeleza hali yake, ataambiwa aongeze imani.

Mbesa yenyewe haikujengwa na watu waliosema sentensi hii. Hospitali ya misheni iliyo pale, chini ya Kanisa la Biblia, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani wakati barabara ya Songea hadi Tunduru ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na lami haikuotwa hata ndotoni. Mama mwenye uchungu uliokwama alibebwa kwa machela au kwa baiskeli. Kwa wagonjwa wengi wa vijiji vile, Waislamu kwa Wakristo, pamoja na wanaovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, ndiyo hospitali ya kukimbilia. Waliojenga waliona mzigo usiobebeka wakaushika upande mmoja. Walileta wauguzi na vitanda, na Injili ikasikika kwa sababu ilikuwa imeshika taa ya chumba cha upasuaji. Urithi huo ni wetu. Inakuwaje hatua mia kutoka wodini, kwenye ibada, tumwambie mtu kwamba anaweza kubeba peke yake?

Kuushika mzigo upande mmoja leo kunawezekana bila fedha ya nje. Kangomba hufanikiwa wakati wa njaa, kuanzia Januari hadi mahindi mapya yakomae, pale mnunuzi anapopita na unga au noti chache na kudai korosho ambazo bado hazijatoka hata ua. Anayekubali ni mtu aliyekwisha kukata tamaa. Makanisa hupokea sadaka ya mavuno kila mwaka. Magunia kumi yakibakizwa stoo, yakakopeshwa miezi hiyo kwa familia zilizokwama bila riba na bila kumtangaza mtu, yatatia moyo kuliko semina ya siku tatu. Na majirani Waislamu wahesabiwe, kwa sababu wao wametuhesabu.

Liko jambo lingine zito zaidi. Anayesema hataki kuishi asijibiwe kwa mstari. Asiachwe peke yake usiku huo, na kesho yake afikishwe hospitalini kwa daktari, kama ambavyo angefikishwa mwenye malaria kali. Familia nyingi huficha, kwa aibu ya kanisa na kwa hofu ya sheria, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na katiba. Sheria itabadilishwa na wabunge. Aibu ya kanisa inaweza kuondolewa na wazee Jumapili hii.

Nawaomba, wazee wangu. Mtu akisimama tena kwenye mahitaji ya maombi na kusema amechoka, msimjibu kwa ile sentensi. Msomeeni Wakorintho wa Pili, sura ya kwanza, mstari wa 8, ajue kwamba mtume alifika pale alipo. Kisha mmoja wenu aende naye nyumbani, aulize wamekula nini tangu jana.