Picha za Zana za Kivita: Pale Burudani ya Raia Inapokutana na Siri za Dola

Katika milima ya Wales, nchini Uingereza, kati ya miji ya Dolgellau na Machynlleth, yapo mabonde ambayo marubani wa kijeshi huyatumia kujifunza kuruka kimo cha chini. Ndege za kivita hupita humo zikiwa futi 250 tu kutoka ardhini, yaani takriban mita 76, na mtu aliyepanda kilimani huzitazama zikipita chini yake, jambo ambalo ni nadra kwa asiye rubani. Wanaopanda vilima hivyo si waandishi wa habari wala si askari. Ni mafundi, walimu, wastaafu na vijana wa vyuo, waliobeba kamera zenye lenzi ndefu, chai katika chupa na makoti ya mvua, ambao husubiri siku nzima kwa ajili ya picha ya sekunde mbili. Jioni huzipeleka mitandaoni, kila mmoja akiwaonyesha wenzake ile anayoiona kuwa bora kuliko zote.

Wizara ya Ulinzi ya Uingereza inajua kwamba wako pale. Wizara hiyo hutangaza katika tovuti ya serikali ratiba ya mafunzo ya kuruka chini kwa maeneo maalumu, likiwamo la katikati ya Wales, ambako ndege huweza kushuka hadi futi 100. Ratiba hiyo haikutayarishwa kwa ajili ya wapiga picha. Ni taarifa kwa umma, ili anayeishi chini ya njia hizo ajue lini atarajie kishindo. Lakini mpiga picha naye ni sehemu ya umma, na huisoma kwa bidii kuliko mtu mwingine yeyote.

Mazoea haya yana historia ambayo wengi huisahau. Uingereza ilianzisha kikosi cha raia cha kutazama anga mwaka 1925, na mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kikosi hicho kilipewa hadhi ya kifalme kutokana na kazi yake ya kutambua ndege za adui. Mwaka huohuo lilianza kutoka gazeti la The Aeroplane Spotter, lililowafundisha wasomaji kutofautisha ndege kwa umbo la mabawa na mkia. Kwa maneno mengine, ni dola yenyewe iliyowafundisha raia kutazama juu na kuandika walichokiona. Vita vilipokwisha, hakuna aliyewaambia waache.

Kinachowashangaza wasiojua mambo haya ni kwamba wengi wa watu hao hawaridhiki na picha pekee. Huandika nambari iliyochorwa ubavuni mwa kila ndege, tarehe na mahali ilipoonekana, na hulinganisha daftari zao na za wenzao kwa miaka mingi. Kwao nambari hiyo ni kama stempu kwa mkusanyaji wa stempu. Kwa ofisa wa usalama ambaye hajawahi kusikia burudani ya aina hiyo, daftari lililojaa nambari za ndege za kivita lina maana moja tu.

Hilo ndilo lililotokea Ugiriki. Mwezi Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa katika mji wa Kalamata, kusini mwa nchi hiyo. Walikuwa wamesafiri kwenda Ugiriki katika kipindi ambacho Jeshi la Anga la nchi hiyo huadhimisha siku yake na kufungua milango ya baadhi ya kambi kwa wananchi. Wenyeji waliwaona wakiandika nambari na kutumia darubini, wakawatilia shaka. Ikumbukwe kwamba dunia ilikuwa bado haijapumua baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na hakuna ofisa aliyetaka kuwa yule aliyepuuza dalili.

Watuhumiwa walikaa mahabusu kwa takriban wiki tano kabla ya kupata dhamana. Mwezi Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani: wanane walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ujasusi, na sita waliobaki kifungo cha mwaka mmoja kilichoahirishwa kwa kosa la kusaidia. Walikata rufaa, na mwezi Novemba mwaka huohuo hukumu zote zilifutwa. Katika mwaka huo mmoja, watu hao walikuwa wametumia fedha nyingi kwa mawakili na safari, na serikali mbili zilizokuwa wanachama wa Umoja wa Ulaya wakati huo zilikuwa zimebadilishana maneno ambayo hayakuhitajika.

Kesi ya Kalamata huelezwa mara nyingi kama kichekesho cha Waingereza na burudani zao za ajabu. Ukweli ni kwamba ilikuwa kasoro ya mawasiliano kabla haijawa kesi ya jinai. Kambi iliyowakaribisha watu kutazama ndege haikuwa imeeleza kwa uwazi ni kipi kinaruhusiwa baada ya kupita lango: kutazama, kupiga picha, au kuandika. Wageni nao hawakujisumbua kufahamu kwamba jambo linaloonekana la kawaida nyumbani kwao ni geni kabisa katika nchi nyingine. Tukio linalofanana na hilo lilijitokeza tena mwezi Februari 2015 huko Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako Waingereza watatu walikamatwa karibu na uwanja wa ndege na kushikiliwa kwa takriban miezi miwili kabla ya kuachiwa.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba dola zinaogopa kivuli. Hata hivyo, picha za raia zina uwezo mkubwa kuliko wapigaji wenyewe wanavyodhani, na uwezo huo umethibitika zaidi ya mara moja.

Mwezi Januari 2004, ndege aina ya Boeing 737 yenye nambari ya usajili N313P ilitua Palma de Mallorca, nchini Hispania, na kupigwa picha na mtu aliyekuwa akijifurahisha kwa kamera yake. Ndege hiyo ilielekea Skopje, ambako ilimchukua raia wa Ujerumani, Khaled el-Masri, na kumpeleka Afghanistan, alikozuiliwa kwa siri kwa miezi kadhaa. Picha na nambari zilizokusanywa na wapenzi wa ndege katika viwanja mbalimbali vya Ulaya ziliwasaidia wanahabari na wachunguzi kufuatilia safari za siri za Shirika la Ujasusi la Marekani. Tarehe 13 Desemba 2012, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Masedonia ilikiuka haki za mtu huyo. Daftari lililochekwa Kalamata lilikuwa limegeuka kuwa kumbukumbu ambayo serikali kadhaa zisingependa iwepo.

Mfano mwingine ni wa Desemba 26, 2018. Rais wa Marekani wakati huo, Donald Trump, alikuwa safarini kwenda kuwatembelea wanajeshi wa nchi yake nchini Iraq, na ziara hiyo ilifanywa siri hadi alipofika. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia jinsi taa za ndege zilivyozimwa na madirisha kufunikwa. Wakati hayo yakifanyika ndani, nje kulikuwa na jua na anga isiyo na wingu juu ya Sheffield, kaskazini mwa England, na mpiga picha wa ridhaa aliinua kamera yake na kuinasa ndege yenye rangi nyeupe na buluu ambayo dunia nzima inaifahamu. Picha ikapanda mtandaoni, na watu wakaanza kuuliza rais anakwenda wapi kabla Ikulu ya Marekani haijasema neno.

Kwa magari ya kijeshi, somo zito zaidi lilitoka Ukraine. Ndege ya abiria ya Malaysia, safari MH17, ilipodunguliwa tarehe 17 Julai 2014 na kuua watu wote 298 waliokuwamo, wakazi wa mashariki mwa nchi hiyo walikuwa wamepiga picha na video za mtambo wa makombora aina ya Buk ukibebwa juu ya lori barabarani. Hawakuwa wachunguzi. Wengine walishangazwa tu na walichokiona. Picha hizo, zikilinganishwa na majengo, mabango na vivuli vilivyoonekana ndani yake, ziliwawezesha wachambuzi kuchora njia mtambo huo ulikopita. Mwezi Mei 2018, timu ya pamoja ya uchunguzi ilitangaza kwamba mtambo huo ulitoka katika Brigedi ya 53 ya ulinzi wa anga ya Urusi, yenye makao yake Kursk.

Ukraine hiyohiyo, ilipovamiwa mwaka 2022, ilipitisha sheria mwezi Machi ya kuadhibu kwa kifungo mtu anayesambaza taarifa za mahali yalipo majeshi yake na mienendo yake bila idhini. Hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili. Picha ya kifaru iliyotolewa baada ya kikosi kuondoka ni ushahidi. Picha ileile ikitolewa kikosi kikiwa bado chini ya mti ni maelekezo kwa mzinga wa adui. Jeshi la Marekani lilieleza mwaka 2012 tukio la mwaka 2007 nchini Iraq, ambapo askari walipiga picha helikopta mpya zilizowasili kambini na kuziweka mtandaoni. Simu na kamera za kisasa huhifadhi ndani ya picha taarifa za mahali ilipopigwa. Adui alizisoma, akashambulia kwa mizinga, na helikopta nne za Apache zikateketea. Inafaa kuangaliwa kwamba waliofanya hivyo walikuwa askari wenyewe, wala si raia wa nje ya uzio.

Zipo pia dola ambazo huutumia uzio huo kama jukwaa. Mwishoni mwa mwaka 2010, picha za ndege mpya ya kivita ya China, J-20, zilianza kusambaa zikiwa zimepigwa na watu waliosimama nje ya uwanja wa Chengdu. Hakuna aliyewafukuza kwa haraka. Tarehe 11 Januari 2011 ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza, siku ambayo Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, alikuwa Beijing kwa mazungumzo na Rais Hu Jintao. Wachambuzi wengi waliona kwamba ukimya wa mamlaka ulikuwa nao ni tamko. Desemba 26, 2024, ndege nyingine isiyo na mkia ilionekana mchana kweupe juu ya mji huohuo, na dunia ikaifahamu tena kupitia simu za wapita njia.

Upande wa sheria, mabadiliko makubwa ya karibuni yamefanyika Uingereza kwenyewe. Sheria ya mwaka 1911 ya Siri za Serikali, iliyopitishwa na Bunge la Makabwela alasiri moja ya mwezi Agosti kwa hofu ya majasusi wa Ujerumani, ilitaja michoro, ramani, vielelezo na maandishi. Picha ya kamera iliingizwa katika tafsiri ya neno mchoro, kana kwamba ni jambo la pembeni. Sehemu hiyo imebadilishwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 2023. Sheria mpya inataja wazi upigaji picha na video wa maeneo yaliyozuiwa, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 14. Lakini kwa kosa hilo kubwa ni lazima ithibitishwe kwamba mhusika alikuwa na dhamira ambayo alijua, au alipaswa kujua, kwamba ni hatari kwa usalama au maslahi ya nchi. Aidha, polisi wamepewa uwezo wa kumwamuru mtu aache anachokifanya au aondoke jirani na eneo hilo. Agizo la namna hiyo lingetosha kumaliza suala la Kalamata siku ileile lilipoanza.

Mizizi ya sheria ya 1911 ilienea katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. India ina sheria yake ya mwaka 1923, Kenya ina ya mwaka 1968, na Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Sheria hizi ziliandikwa wakati kamera ilikuwa chombo cha wachache na filamu ilisafishwa dukani. Leo kamera imo katika kila mfuko, na kijana anayeliona gari la deraya likipita barabarani huinua simu kabla hajafikiri. Mara nyingi hana nia mbaya, wala hajui kwamba picha yake imebeba saa na mahali.

Kwa sababu hiyo, mzigo hauwezi kubebwa na mwananchi peke yake. Bango lililoandikwa kwamba hairuhusiwi kupiga picha, bila kueleza katazo linaanzia wapi na linaishia wapi, humwacha mtu mwema akibahatisha na kumpa mwenye nia mbaya kisingizio. Taasisi zinazotangaza mapema siku za maonyesho, mahali pa kusimama na mambo yasiyoruhusiwa hupunguza kazi ya askari wake. Uingereza hufanya hivyo kila mwaka katika maonyesho ya ndege za kijeshi ya Fairford, ambako watu hulipa kiingilio ili wapige picha zilezile ambazo kwingine zingewafikisha kituoni.

Tanzania nayo ina fursa za namna hiyo. Katika miaka ambayo gwaride hufanyika kwenye sherehe za kitaifa, ndege za Jeshi la Wananchi wa Tanzania hupita juu ya uwanja mbele ya maelfu ya watu na kamera za televisheni, na picha zake husambaa nchi nzima jioni hiyohiyo. Nje ya siku hizo, kinachotawala ni katazo lililopo langoni mwa kambi, na mwenye shaka humuuliza askari wa zamu kabla ya kuitoa simu mfukoni.