Muuguzi Aulize Bila Kukemea

Mama mwenye uchungu akifika wodini, muuguzi humpima shinikizo la damu, njia ilivyofunguka na mapigo ya moyo wa mtoto, kisha huandika kwenye patografu. Swali moja mara nyingi halipati jibu la kweli: umekunywa nini nyumbani? Likiulizwa kwa ukali, wodi nzima ikisikiliza, mama hujibu, "Sijanywa kitu."

Jibu hilo linaweza kuua. Baadhi ya mitishamba wanayopewa wajawazito ili wajifungue haraka hukaza mfuko wa uzazi. Muuguzi asiyejua akitundika dripu ya oksitosini juu yake, mfuko unaweza kupasuka. Naye atakuwa amefuata kanuni zote alizofundishwa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Alichokosa anakijua mama, na pengine bibi aliyekaa kwenye benchi pale nje.

Mwezi wa Ramadhani mambo ni hayo hayo kwa wenye kisukari. Mzee akimeza glibenklamidi asubuhi huku amefunga, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Ukimwamrisha tu aache kufunga, ataitikia vizuri, atafunga, na hatasema tena. Aulizwe mapema, tangu Shaabani: "Shikamoo mzee, mwaka huu unakusudia kufunga?" Hapo kuna mazungumzo. Daktari ataangalia kama afya yake inaruhusu na kupanga upya dozi kufuata futari na daku. Mzee ataelezwa kwamba, kwa kauli ya wanazuoni wengi, kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungue papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Tunajua wauguzi wamezidiwa, hasa zamu ya usiku. Lakini swali la upole halichukui muda zaidi ya swali la ukali, na ndilo linalojibiwa. Vyuo viwatahini wanafunzi namna wanavyomhoji mgonjwa kwa uzito ule ule wa kuchoma sindano. Hospitali ziweke mapazia kati ya vitanda. Na kila faili la mzazi liwe na nafasi ya kuandika dawa alizotumia nyumbani, ijazwe kabla dripu haijatundikwa.