Ajali haina kinga, lakini foleni ya Salgaa ina dawa

Viazi vingi vinavyouzwa Kongowea hutoka Molo na Nyandarua. Makontena yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Busia nayo hupita Nakuru. Kwa hivyo trela linapolala barabarani pale Salgaa au Sachangwan, hasara haiishii kwa watu wa Bonde la Ufa. Dereva wa Changamwe hukesha kwenye kebini, mzigo wa Kampala huchelewa, na mboga huozea njiani. Hata hivyo kuna swali ambalo Wakenya hatuliulizi sana: ajali ikishatokea, ni kazi ya nani kuifungua barabara, na anatakiwa aifungue baada ya dakika ngapi?

Mazungumzo yetu huwa juu ya chanzo cha ajali. Tunataja mteremko mkali, breki mbovu, usingizi, na madereva wanaoteremka bila gia ili waokoe mafuta. Ni mazungumzo ya haki. Watu 36 walipofariki Migaa, karibu na Salgaa, alfajiri ya Desemba 31, 2017, serikali ilisukumwa kupanua barabara katika mteremko huo na kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Juni 30, 2023, lori liliwavamia wachuuzi na abiria katika makutano ya Londiani na zaidi ya watu 50 wakafa, na mjadala ukarudi kwa breki na mwendo.

Lakini kila ajali ina nusu ya pili, inayoanza baada ya kishindo, na Sachangwan inajua vizuri nusu hiyo inavyoua. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo. Lilikaa muda wa kutosha watu kutoka vijiji vya karibu kufika na madumu na ndoo, na wasafiri kusimamisha magari yao wakachote. Kisha moto ukalipuka. Waliokufa walipita 110. Hawakuuawa na kupinduka kwa lori. Waliuawa na yaliyofuata, katika muda ambao hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuzingira mahali pale, kuwaondoa watu na kuyadhibiti mafuta.

Fikiria mambo yanavyokwenda leo. Ajali inatokea usiku. Utingo anakata matawi na kuyatandaza lami kama onyo. Polisi wa trafiki wanaitwa, na magari hayaguswi hadi wapime na kuandika. Zimamoto ya kaunti inatoka mjini Nakuru. Gari la kuvuta ni la mtu binafsi, na mwenye lori lazima kwanza apatikane kwa simu, wapatane bei, naye aulizie bima. Kama mzigo ni wa kwenda Uganda au Kongo, hauruhusiwi kuhamishiwa lori jingine bila idhini ya Mamlaka ya Ushuru. Kila mmoja hapo ana kazi yake halali, lakini hakuna anayehesabu dakika kwa niaba ya maelfu ya watu walio nyuma. Wakati huo matatu zimeanza kutanua, safu mbili zinakuwa nne, na hata kreni ikifika haina pa kupita.

Nchi nyingine zilikuwa na tatizo hili hili, zikaamua kuliwekea saa. Nchini Uingereza, shirika linalosimamia barabara kuu lilipewa lengo la kuondoa asilimia 86 ya matukio ya motorway ndani ya saa moja. Tangu 2004 lina maafisa wake wa doria wenye mamlaka ya kusimamisha na kuelekeza magari, ili polisi wabaki na kazi ya uchunguzi. Jimbo la Florida, Marekani, lilitia saini sera mwaka 2002 kwamba barabara ifunguliwe ndani ya dakika 90. Kwa ajali nzito za malori, mkandarasi wa kuvuta anayemaliza ndani ya muda huo hulipwa nyongeza.

Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Waliona kwamba muda mwingi unapotea kabla gari la kuvuta halijaitwa, maana kila mtu anasubiri kuthibitisha kwanza. Wakakubaliana na kampuni za bima: habari ya kwanza ikifika, gari la kuvuta linaondoka papo hapo bila kumsubiri mwenye gari. Nani alipe ni jambo la kumalizana baadaye, ofisini.

Haraka hiyo ina sababu. Makadirio yanayotumiwa na wakuu wa barabara Marekani yanasema kila dakika ambayo ajali inabaki barabarani, uwezekano wa ajali ya pili unapanda kwa asilimia 2.8. Mtu aliyewahi kuliona basi likitokea kwa kasi kwenye ukungu wa Timboroa, likakuta mkia wa foleni bila taa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo watakaosema hayo ni ya matajiri, wenye kamera na njia ya dharura pembeni. Basi tutazame Afrika Kusini. Barabara ya N3 inatoka bandari ya Durban kwenda Johannesburg, imejaa trela, na inapanda milima ya Van Reenen ambako ukungu ni wa kawaida. Tangu 1999 sehemu yake ya kilomita 415 iko mikononi mwa kampuni inayotoza ushuru. Kampuni hiyo ina magari ya doria, na upo mpango mmoja unaowaunganisha polisi, zimamoto, ambulensi na wenye magari ya kuvuta. Ajali bado zinatokea, na siku nyingine N3 hufungwa kwa saa nyingi. Ila inajulikana nani anaitwa, na nani anaongoza.

Hoja ya njia finyu nayo inatugeukia. Pale penye safu moja kwenda na moja kurudi, lori moja linatosha kuifunga nchi. Za kukwepea kupitia Njoro na Molo au Eldama Ravine hazikujengewa msafara mzima wa trela. Sisi ndio tunaohitaji saa hiyo zaidi.

Nafasi ya kuipata ni sasa. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, unaofanywa na kampuni za Kichina pamoja na hazina ya wafanyakazi, NSSF. Tukimaliza kujengewa tutalipa ushuru, na kiwango kilichotajwa kwa magari madogo ni shilingi 8 kwa kilomita. Anayelipa ana haki ya kujua ananunua nini zaidi ya lami. Mkataba unapaswa kutamka wazi kreni nzito zitakaa wapi, na kwa maoni yangu zisiwe mbali na Salgaa na Gilgil. Useme kwamba gari la kuvuta linatoka kwa simu ya kwanza, na kwamba mwendeshaji anakatwa fedha muda ukipita. Tena dakika hizo zitangazwe kila mwezi, wananchi wazisome.

Haraka hii isiwe kisingizio cha kufuta ushahidi au kuwaburuta majeruhi. Palipofariki mtu polisi lazima wapime, na picha za droni hufupisha kazi hiyo bila kuiharibu. Mafuta yakimwagika, kuwafukuza watu ndiyo kazi ya kwanza kabla ya kuvuta chochote.

Wabunge wa Pwani huona barabara ya Nakuru ni habari ya wengine. Madereva wetu, wafanyabiashara wa Kongowea na mawakala wa bandari wanaitumia kila siku, na ushuru wake wataulipa. Basi wawaulize viongozi wao swali jepesi kabla vibanda vya kutoza havijafunguliwa: lori likilala Sachangwan saa nane usiku, barabara itafunguliwa saa ngapi?