Maneno ya mwanakijiji nayo ni chanzo cha utafiti

Wanafunzi wa vyuo hufika vijijini Shinyanga na Geita kukusanya taarifa za utafiti. Wakishaandika ripoti, vitabu hutajwa kwa jina la mwandishi na mwaka. Mzee aliyewaeleza mambo kwa saa mbili mara nyingi huishia kuwa "baadhi ya wahojiwa", au hatajwi kabisa.

Je, hilo lina uzito gani? Tazama ngitili. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye miche ya vitaluni. Mafanikio makubwa yalikuja mradi ulipogeukia desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudisha miti na nyasi, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Elimu hiyo ilitoka kwa wafugaji wenyewe. Mwanafunzi anayeieleza ngitili bila kusema aliisikia kwa nani anajipa sifa isiyo yake.

Kwa wachimbaji wadogo, jambo hili lina upande wa pili. Anayesimulia anavyokamata dhahabu kwa zebaki, au anavyoingia duarani bila leseni, anaweza kupata matatizo jina lake likiandikwa. Hapo inatosha kutaja kazi yake, mkoa na tarehe ya mahojiano. Msomaji atajua taarifa imetoka wapi, na mchimbaji atabaki salama.

Mwenye kuamua kuhusu jina ni anayehojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu aelezwe lengo kabla taarifa zake hazijakusanywa.

Kwa hiyo, kabla hujajibu maswali, uliza mambo manne. Barua ya utambulisho ya chuo iko wapi? Ripoti ni ya kazi gani? Jina langu litaandikwa au litafichwa? Kijiji kitapata nakala?

Swali la mwisho lisisahaulike. Nakala ikiachwa kwa mtendaji wa kijiji, wanakijiji wataweza kuisoma, kuona walivyonukuliwa, na kusema palipokosewa.