Nani Kafeli?

Ndugu msomaji, lipo neno moja la Kiingereza ambalo kila kijana wa mjini hapa analijua, hata yule ambaye ung'eng'e wenyewe unampiga chenga. Neno hilo ni "fail". Sisi tukaliita kufeli. Wengi wetu hatukulikuta kwenye kamusi. Tulibandikiwa ukutani, kwenye karatasi ya matokeo, watu wamejazana wanasukumana kutafuta majina yao.

Juzi nilikuwa Mtaa wa Kongo, pale wanapopanga viatu vya mitumba juu ya turubai. Kijana mmoja muuzaji akaniona nina kitabu kwapani. Akaniuliza, "Kaka, wewe mwalimu?" Nikamwambia hapana, naandikaandika tu. Akacheka. "Hata mimi ningekuwa mwandishi, kaka. Darasa la saba insha zangu mwalimu alikuwa anazisoma mbele ya wenzangu. Ila fomu foo nilifeli." Alisema hivyo huku anang'arisha kiatu, kwa sauti ile ile anayotajia bei. Nikakasirika. Lile neno alilibeba kama kitambulisho, na mimi mwenyewe nimelibeba hivyo miaka mingi.

Hebu tulipekue basi. Teremka Gerezani kwa mafundi wa magari. Daladala imeletwa inavutwa kwa kamba. Fundi atakwambia, "Breki zilifeli." Hakuna atakayewageukia abiria na kuwaambia wao ndio waliofeli! Nenda Muhimbili, utasikia mgonjwa fulani figo zimefeli. Nani anamcheka mgonjwa? Kumbe neno tunalijua vizuri: chombo kilipewa kazi, kikashindwa kuifanya, basi chombo ndicho kilichofeli. Lakini tukifika mlangoni mwa shule sarufi inapinduka, abiria ndiye anakuwa kafeli.

Na wenye lugha yao wana matumizi mengine ya kitenzi hiki. Kwao kinabeba yambwa. Mtu alikutegemea, ukamwangusha: kwa Kiingereza umem-"fail". Mtahini naye anaweza kum-"fail" mtahiniwa, maana yake mwenye kalamu nyekundu ndiye mtenda. Mwingereza akisema "the school failed the child", shule iko kizimbani na mtoto ndiye mlalamikaji. Matumizi haya hata kijiweni tunayo. Mshikaji asiporudisha hela aliyokopa unasema, "Jamaa kanifelisha." Haya, mshikaji wa elfu tano tunamtia hatiani, halafu shule iliyokaa na mtoto miaka minne tunaiacha ipite kimya kimya?

Tuitazame breki yenyewe. Tangu 1967 shule zetu za msingi, ukiondoa zile za ingilishi midiamu, zinafundisha kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo mtoto anajifunza sayansi na hesabu kwa lugha ile ile anayoombea chumvi kwa jirani. Kisha anaingia fomu wani, na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, ghafla kama umeme kukatika. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kuhamia Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo likaishia kabatini. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza wenyewe, Criper na Dodd, walipima kiwango cha wanafunzi wetu wakakuta wengi hawaelewi wanachofundishwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 nayo ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Na leo mtoto wa fomu wani bado anakariri asichokielewa.

Mnayakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013? Takriban watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi ikapiga yowe. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa, madaraja yakapangwa upya, na miezi michache baadaye maelfu waliokuwa wamefeli wakawa wamefaulu bila kugusa tena kalamu! Nijibuni, wale watoto walikuwa wamefanya nini hapo katikati?

Najua mtanijia juu. Mtasema mteja wa Zambia na wa Malawi akishuka Kariakoo utamuuzia kwa lugha gani. Mtaniambia Mwalimu Nyerere alishasema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Nakubali! Kifundisheni, tena kwa walimu wanaokijua na vitabu vya kutosha. Lakini kumfundisha mtoto Kiingereza ni jambo moja, na kumfundisha baiolojia kwa Kiingereza asichokijua ni jambo jingine kabisa. Wala siyachukii maneno ya kukopa. Kariakoo yenyewe ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wazee walilikanda jina lile mpaka likawa letu. Kukopa si aibu, ila ukikopa neno likope na matumizi yake yote.

Nanyi waandishi wenzangu wa kurasa hizi, nimezisoma hadithi zenu. Kila mhusika wenu machinga, kila kondakta, kila dada wa kazi "alifeli mtihani" katika aya ya kwanza, kama vile kazaliwa na kovu. Hapo mnaandika kwa mkono wa mtahini. Ulizeni lile swali la sarufi la shule ya msingi: mtenda ni nani? Kiswahili hakijatunyima kitu. Tuna kufelisha na kufelishwa, tuna kuangusha na kuangushwa. Viambishi vipo tele na havitozwi ushuru.

Yule kijana nilimrudia jioni, anafunga turubai lake. Nikamwambia, "Dogo, usiseme tena ulifeli. Sema ulifelishwa." Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei ya uongo. "Sawa, kaka. Sasa nikisema hivyo, cheti watanipa?"

Hawatampa. Nilibaki nimeshika daftari nililokuwa nimemnunulia, nikaona aibu kidogo, lakini nikampa. Nimemwomba aiandike upya ile insha ya darasa la saba, na mhariri ameahidi kumwachia nafasi toleo lijalo. Tumeshamwangusha vya kutosha. Sisi wa ukurasa huu tusimfelishe tena.

Naomba kutoa hoja.