Ua Lililorudishiwa Mchanga Wake

Ndugu zetu wasomaji, akina baba na akina mama mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, juma hili tunakupelekeni mbali kidogo, hadi jimbo la California nchini Marekani, tukalitazame ua moja. Kisa chake kinagusa jambo ambalo nasi hulifanya kila tunapojenga, nalo ni kuchimba mchanga.

Karibu na mji wa Antioch, kando ya mto San Joaquin, palikuwa na vilima vya mchanga vilivyofikia kimo cha zaidi ya mita 30. Maji na upepo vilivikusanya kwa maelfu ya miaka. Kwa kuwa vilizungukwa na ardhi ya namna nyingine, vilikuwa mfano wa kisiwa, na baadhi ya mimea na wadudu wake hawapatikani kiasili pahali pengine. Miongoni mwao ni mmea mfupi wenye maua meupe makubwa, ambayo hufunguka jioni jua linapokuchwa na kunyauka siku ya pili yake.

Watu waliviona vilima vile kuwa ni mali ya kujengea. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto viliuangamiza mji wa San Francisco, na haja ya matofali ikawa kubwa mno. Mchanga wa Antioch ukachotwa mwaka baada ya mwaka. Hatuwezi kumlaumu aliyeunguliwa na nyumba kwa kutaka kujenga tena. Kosa lilikuwa ni kuchota bila ya kuuliza kitabaki nini, hata vilima vikawa mabaki tu.

Mwaka 1978 ua hilo liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 1980 ikaanzishwa hifadhi, ya kwanza nchini humo kwa ajili ya mimea na wadudu walio hatarini kutoweka. Eneo lake halifiki hata ekari 70. Watu wakazuiwa kuingia ovyo, ili wasikanyage miche wala kuwasha moto.

Hapa ndipo penye funzo. Ulinzi peke yake haukutosha. Mbegu za mmea huu huota vyema katika mchanga mtupu, mlegevu, unaosukumwa na upepo. Mchanga uliosalia ulikuwa haba na umetulia, basi magugu ya kigeni yakaufunika. Watunzaji waling'oa magugu kwa mikono, wakaotesha miche na kuipandikiza, lakini magugu yalirejea kila mwaka. Ilikuwa kama kumrudisha mtu kwao ilhali nyumba yake imekwisha kubomolewa.

Ndipo wakaazimia kuirejesha nyumba yenyewe. Kuanzia mwaka 2013, mchanga unaozolewa chini ya mto ili meli zipate njia ya kwenda bandari ya Stockton ulianza kusukumwa kwa bomba hadi hifadhini. Ulimwagwa juu ya magugu ukayafukia, na maua ya jioni yakapata tena mahali pa kuota. Kitu ambacho bandari ilikihesabu kuwa uchafu kikawa ndicho dawa.

Lakini si kila kilichopotea hurejeshwa. Katika vilima hivyo alikuwapo pia kipepeo mdogo ambaye viwavi wake hula mmea mmoja tu wa hapo. Alizalishwa chini ya uangalizi wa wataalamu na kuachiliwa hifadhini, na hata hivyo idadi yake haikuinuka. Mkono wa kutengeneza ulimfikia akiwa amechelewa.

Nasi tuna vilima vyetu. Pale Shela, katika kisiwa cha Lamu, vilima vya mchanga hupokea maji ya mvua na kuyahifadhi chini ya ardhi, na visima vya hapo huupatia mji wa Lamu maji matamu. Anayekichota kilima cha namna hiyo huchota pamoja nacho maji ya jirani zake na ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Kwa hiyo, familia inapojenga, tunashauri mwenye nyumba amwulize mleta mchanga ameuchimba wapi, na aukatae ule wa ufukweni au wa pahali palipokatazwa, hata ukiwa wa bei nafuu. Watoto nao wafunzwe kutoing'oa mimea inayotambaa ufukweni, kwani ndiyo inayoushika mchanga usipeperuke. Watu wa Antioch wanaendelea kurudisha kwa bomba kile kilichochukuliwa zamani, na bado hawajakimaliza. Sisi tuliopewa amana hii ikiwa bado ipo, kazi yetu ni nyepesi kuliko yao: ni kuiacha pale ilipo.

Tukutane juma lijalo, inshallah.