Kisanduku Kipya, Picha ya Ukungu: Nani Aliulizwa?

Siku hizi hapa Nakivale, ukipita kwenye kumbi za vijana na vibanda vya video, utaona dishi bado liko juu ya mabati lakini waya wake umekatwa. Chini ya tivi kuna kisanduku kidogo cheusi cha intaneti, cha Android, na kwenye katoni yake wameandika 4K kwa herufi kubwa. Tunaambiwa hayo ndiyo maendeleo. Haya, iwashe hiyo tivi saa mbili usiku. Uso wa mtangazaji ni kama umepakwa uji. Mpira huuoni, unaona tu wachezaji wanakimbia. Maandishi yanayopita chini ya habari hayasomeki hata ukisogea mpaka pua iguse kioo.

Mimi nasema hivi: kisanduku chenyewe si kibovu, na sisi si washamba tusiojua kukitumia. Shida ni kwamba kisanduku kilinunuliwa kwanza, mtandao ukafikiriwa baadaye, na wale wanaoangalia hawakuulizwa kabisa. Ndugu zangu vijana, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, naomba tuliongee hili bila kukasirikiana.

Tuanze na jinsi picha inavyotufikia, juu hapo ndipo watu wengi wanapodanganywa.

Dishi ni kama mvua. Setilaiti inamwaga picha ileile juu ya kila bati, na jirani akiwasha tivi yake wewe hupungukiwi na kitu. Aangalie mtu mmoja kule Rubondo, au waangalie watu elfu kumi kuanzia Juru mpaka Base Camp, picha ni ileile. Ubaya wake tunaujua pia: mvua kubwa ikinyesha ishara inapotea, na kwa dishi la kulipia, mwezi ukiisha hujalipa, chaneli zinafungwa.

Intaneti ni kama bomba la maji la kijiji. Mnara ni mmoja, watu ni wengi, kila mtu kaja na dumu lake. Asubuhi foleni ni fupi na maji yanatoka kwa nguvu. Saa mbili usiku kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi. Huyu anaongea kwa WhatsApp na ndugu yake aliyehamishiwa Australia, yule yuko TikTok, mwingine anapakua filamu. Na saa ileile ndiyo ukumbi unafungua mechi.

Sasa kisanduku kinafanya nini maji yakipungua? Huko picha inakotoka, filamu au mechi imetengenezwa kwa nakala kadhaa, nzito na nyepesi, na kila nakala imekatwa vipande vya sekunde chache. Kisanduku kinapima kasi ya mtandao kila wakati. Kasi ikiwa nzuri kinaomba kipande kizito chenye picha kali. Ikishuka kinaomba kipande chepesi, ili picha isisimame. Kwa hiyo ule ukungu unaouona si ugonjwa wa tivi. Ni kisanduku kinajitahidi picha isikatike, na kinalipa kwa kupunguza ukali. Vitu vinavyotembea haraka na vyenye mambo madogomadogo ndivyo vinaharibika kwanza: mpira, majani ya uwanja, sura za watu kwenye umati, herufi ndogo.

Netflix wenyewe wanashauri kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, megabiti 5 kwa 1080p, na 15 kwa hiyo 4K iliyoandikwa kwenye katoni. Pima mtandao wa simu yako saa mbili usiku, halafu gawa na watu wote wanaotumia ruta moja ya ukumbi. Jibu utalipata mwenyewe.

Lakini si kila kosa ni la mtandao. Kuna mitego mingine ambayo muuzaji hasemi.

Mtego wa kwanza ni neno 4K lenyewe. Maana yake ni kwamba kisanduku kinaweza kutoa picha ya ukubwa huo kupitia waya. Haina maana kwamba programu zitakubali kukipa picha hiyo. Programu kama Netflix zinaangalia kwanza kama kifaa kina ulinzi wa kuzuia wizi wa filamu, unaoitwa Widevine, tena wa ngazi ya juu, L1. Visanduku vingi vya bei rahisi vina ngazi ya chini, L3, na hivyo vinapewa picha ya kawaida tu, karibu na 480p. Ulipe kifurushi kikubwa, uweke mtandao wa kasi, bado utapewa hiyohiyo. Picha ya 4K ina nukta kama milioni 8.3. Ya 480p ina nukta kama laki nne. Yaani mara ishirini pungufu. Ukizivuta zijaze tivi ya inchi 50, lazima uone uji.

Mtego wa pili ni waya. Kumbi zetu nyingi zina tivi za zamani. Ukiunganisha kisanduku kwa waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, picha kali haiwezi kupita humo hata kama intaneti ni ya Ulaya. Inatakiwa waya wa HDMI. Na kama tivi yenyewe ni ya 720p, haitageuka 4K juu ya kuunganishwa na kitu kipya.

Mtego wa tatu ni mahali ruta ilipo. Ruta imefungiwa ofisini ili isiibiwe, tivi iko ukumbini, katikati kuna ukuta na mabati. Bati linazuia Wi-Fi vibaya sana. Waya wa mtandao wa mita chache, kutoka ruta mpaka kisanduku, unaweza kusaidia kuliko kununua kisanduku kingine.

Halafu kuna bando, na hapa ndipo moyo unauma. Kwa hesabu ya Netflix, picha ya HD inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa. Ukumbi unaofungua tivi saa mbili tu kwa siku utakula gigabaiti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Ukipunguza mpaka kiwango cha chini kabisa, gigabaiti 0.3 kwa saa, unamaliza mwezi kwa gigabaiti 18, lakini unaangalia ukungu. Na tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Nani analipa? Mradi ulileta kisanduku, ukapiga picha, ukaondoka. Bando likaachiwa kamati ya vijana. Kamati ikaanza kuchangisha mlangoni. Na huu ni wakati ambao WFP, mwaka 2025, ilitangaza kuwatoa wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye mgao wa msaada wa chakula. Unamwomba mtu ambaye mgao wake umekatwa alipe bando ili aone picha mbaya kuliko ile aliyokuwa anaiona bure.

Kuna atakayeuliza: kwani picha ya tivi ni jambo la kuandikia hivi? Watu wana njaa, wewe unalia na mechi?

Sawa, tuiache mechi. Ingawa na yenyewe, mechi ya intaneti inachelewa: kibanda cha jirani chenye dishi wameshapiga kelele ya goli, sisi bado tunaona kipa ana mpira mkononi. Lakini tuiache.

Tuongee kuhusu mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, na Februari walipoingia Bukavu. Kwa mtu wa Kivu aliyeko Nakivale, habari zile hazikuwa za kusikia tu. Alikuwa anatafuta kwa macho. Hiyo barabara ni ya kwetu? Hilo paa ni la kanisa letu? Yule mama mwenye kitenge cha kijani, anayekimbia na godoro kichwani, si shangazi? Picha kali inakupa jibu, hata kama ni jibu baya. Picha ya ukungu inakuachia maswali, na usiku hulali. Na pale picha isipoeleweka, watu wanakimbilia simu, kwenye vipande vya video visivyo na tarehe wala mahali, ambavyo vingine ni vya vita vya miaka mingine kabisa. Uvumi unapata mlango hapo. Nyinyi wa mashirika mnafanya warsha za kupinga uvumi. Tivi inayosomeka nayo ni kazi hiyohiyo.

Wafikirieni pia wenzetu wasiosikia. Baadhi ya taarifa za habari zina mkalimani wa lugha ya alama, ndani ya kidirisha kidogo pembeni. Kazi yake yote iko kwenye vidole na uso. Picha ikishuka, vidole vinayeyuka vinakuwa kitu kimoja. Sisi tunaosikia tunabaki na sauti, maana sauti ni nyepesi na inapita. Asiyesikia anabaki na nini? Kwake kisanduku kipya kimezima habari, lakini kwenye ripoti tumeandikwa kwamba sasa tuna tivi ya kisasa.

Na somo la hesabu la video ni hivyohivyo. Mwalimu anaandika ubaoni, mtoto hajui kama ile ni 3 au 8.

Nisieleweke vibaya. Sitaki turudi nyuma. Kisanduku kina mazuri ambayo dishi haliwezi kutupa. Kinatupa masomo tunayochagua wenyewe, video za kujifunza ushonaji au kutengeneza simu, vipindi vya Kiswahili ambavyo hakuna chaneli ya dishi inavionyesha hapa, na saa ya kuangalia ni wewe unapanga. Kwenye kituo chenye mtandao mzuri kinafanya kazi safi kabisa. Ninachokataa ni ile tabia ya kukata cha zamani siku ileile kipya kinapofika, kabla hatujajua kama kipya kinatosha.

Kwa hiyo tunaomba haya, na hakuna hata moja linalotaka pesa nyingi.

Kwanza, pimeni mtandao kabla ya kununua. Msipime saa nne asubuhi mkiwa mmekuja na gari la ofisi. Pimeni saa mbili usiku, palepale tivi itakapokaa, wiki nzima. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuwafanyia na kuandika kwenye daftari.

Pili, bando liandikwe kwenye bajeti ya mradi kabla ya kisanduku. Kama hakuna pesa ya bando ya mwaka mzima, basi kisanduku hicho hakijakamilika, ni kama jiko bila kuni.

Tatu, msikate waya wa dishi. Habari na mechi ziendelee kwa dishi, au kwa antena mahali ambapo inashika, kwa chaneli za bure. Kisanduku kiachiwe masomo na vipindi vya kuchagua.

Nne, masomo yapakuliwe alfajiri wakati foleni ya bomba ni fupi, pale programu inaporuhusu kupakua. Mchana yaangaliwe bila kutegemea mtandao. Darasa halihitaji kungoja kaduara kanakozunguka katikati ya kioo.

Tano, vijana wawili kwenye kila ukumbi, mvulana na msichana, wafundishwe mipangilio na wapewe neno la siri. Kwenye ukumbi mmoja ninaoufahamu, kisanduku kilikuwa kimepangwa kitoe picha ya 480p tangu dukani, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa sehemu hiyo mpaka fundi aje kutoka Mbarara. Ni kazi ya dakika mbili kwa rimoti.

Na sisi vijana tuna sehemu yetu. Tuache kusema tu "ni mtandao wa kambi" kama vile ni hali ya hewa. Angalieni waya. Angalieni mipangilio. Andikeni ni saa ngapi picha inashuka na watu wangapi wako kwenye ruta. Mkienda kwenye kikao na daftari lenye wiki mbili za vipimo, hakuna ofisa atakayewaambia kwamba mnalalamika tu.

Halafu tuache ule woga wa kuonekana hatuna shukrani. Wengi wetu tunajua picha ni mbaya, lakini akija mgeni wa mradi tunapiga makofi na kusema asante, yuko sawa, kila kitu kiko sawa. Anaondoka anaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Kisha kambi nyingine inaletewa visanduku vilevile, kwa sababu sisi tulisema vinafanya kazi. Unaweza kushukuru na ukasema ukweli kwa mdomo uleule: asanteni kwa kisanduku, lakini saa mbili usiku hatuoni, na sababu zake ni hizi hapa tumeziandika.

Mkija tena kwenye ukumbi wetu, msije mchana. Njooni usiku, wakati wa habari, mkae nyuma na wazee. Kisha mtuambie kama mmeweza kusoma jina la mji.